Ukikwama Njiani, Usianze na Salamu

Divine mwanangu,

Saa hizi uko kanisani, kwaya inakuimbia nyimbo za kukuaga, na mimi nimewaambia kichwa kinaniuma nikabaki nyumbani. Kichwa hakiniumi. Nimekaa jikoni na kalamu yako na karatasi nilizochomoa kwenye printa, kwa sababu kuna jambo nimejaribu kukuambia wiki nzima. Kila nikianza, mimi nasema kwa Kiswahili, wewe unanijibu kwa Kiingereza, wote wawili tunasema okei, na maneno yanaishia hapo.

Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Soma polepole. Najua Kiswahili chako cha kusoma ni kile cha shule ya Jumapili, kwa hiyo naandika herufi kubwa, na pale utakaposhindwa soma kwa sauti, masikio yako yatakusaidia.

Sitakuandikia mambo ya kula na kulala. Wewe si mtoto. Ni wewe uliyekuwa ukinisomea barua za shule yako mwenyewe, hata zile zilizokusema vibaya, na ukazitafsiri kama zilivyo, au ndivyo ninavyopenda kuamini. Mtu aliyefanya hivyo hahitaji kuambiwa avae kofia. Vaa kofia.

Nataka tuzungumze habari za gari.

Ulipopata ile kazi ya Tonawanda, kule pembeni mwa Buffalo, kwenye kiwanda ambacho watakufundisha ufundi wa mitambo huku wanakulipa, watu walinipongeza na mimi nikaitikia. Lakini masikioni mwangu kulikuwa na neno moja tu, Buffalo. Hapa mtaani kwetu Beechmont ukitaja Buffalo mtu anashika kichwa. Kuna mama mmoja kanisani aliniambia kwamba huko theluji inatoka ziwani inakuja kuziba mlango wa nyumba, mnatokea dirishani. Nilimuuliza kama amewahi kufika. Hajafika. Haikusaidia kitu, tangu siku hiyo nikifumba macho naona dirisha.

Wewe ulitaka gari dogo. Ulinionyesha kwenye simu, jekundu, si la zamani sana, ukasema ukilivalisha tairi za theluji linatosha kabisa. Mimi nikasema haiwezekani, mwanangu hatakwenda kwenye baridi ile na gari lililo chini kama ndala. Nilitaka SUV, gari la juu, zito, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Na kwa kuwa gari la namna hiyo likiwa zima si la watu kama sisi, nikatafuta lililozeeka. Hilo ni kosa langu la kwanza katika habari hii na bado niko mwanzoni.

Ndipo nikampigia Salvatori wa Gahanna, kule Columbus, Ohio. Kwako wewe yule ni mjomba kama wajomba wengine wote wa kwenye simu. Kwangu ni mtoto wa bomba letu. Katika kambi ya wakimbizi kule Tanzania, mama yake na mama yangu walikuwa wakichota maji bomba moja, na aliyetangulia kuamka aliwapangia ndoo wote wawili. Ikafika mahali hatukujua ndoo ipi ni ya nani. Mtu niliyekua naye hivyo akiniambia ana gari la kuniuzia, sina cha kuuliza.

Unakumbuka siku tulipokwenda kulichukua. Uwanja wa ndege uko karibu, ndege zinapita juu ya paa lake mpaka vikombe vinatikisika, na yeye anacheka, anasema amezoea, zisipopita anaamka. Mke wake alikuwa amepika ugali, mchicha wetu wa lengalenga na ndagala, dagaa waliotoka nyumbani kabisa. Tulikula mpaka nikalegeza kitenge. Salvatori akatuombea. Tukatoka nje kuliangalia gari, na wewe ukaninong'oneza, "Mama, mwambie tulipeleke kwa fundi kwanza."

Nilikukanyaga mguu. Samahani kwa mguu. Lakini hebu nielewe: nimekula ugali wa mtu, mke wake amenipakulia samaki mara ya pili bila kuniuliza, halafu nifute mdomo nimwambie nataka fundi alipime gari lake? Ningekuwa nimemwita mwizi mbele ya watoto wake. Basi nikalizunguka gari, nikagonga boneti kwa vidole kama ninavyoona wanaume wakifanya, nikasema, "Ni gari zuri, kaka." Hata tairi sikuangalia.

Salvatori hakutudanganya, na sitaki uwe na kinyongo naye. Hakuna aliyemuuliza. Ningemuuliza angesema yote, ndivyo alivyo tangu utoto. Yeye aliona haya kulisema gari lake vibaya mbele ya mgeni aliyesafiri kutoka Louisville, mimi niliona haya kuuliza. Tulikuwa na adabu sana siku ile. Tukarudi na gari ambalo hita yake ilipuliza hewa ya baridi kutoka Columbus mpaka mlangoni kwetu, na mimi nikakuambia ufunge koti, labda Wamarekani wanaiwasha kwa namna nyingine.

Halafu ikaja ile Jumapili ya kuliombea. Kanisa zima limelizunguka, mikono juu ya bati, mchungaji amepaka mafuta kwenye boneti, wewe umekaa kwenye usukani na sare ya kwaya. Akasema, "Binti, liwashe kwa jina la Yesu." Ukageuza ufunguo. Kimya. Ukageuza tena. Kimya. Katika watu wote wale hakuna aliyefikiria betri. Walifikiria adui. Wakaomba kwa nguvu mpaka majirani wa ng'ambo ya barabara wakatoka barazani, na liliposhtuka likawaka, na moshi wake, walishangilia mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini.

Tangu siku ile gari likawa ushuhuda. Mchungaji amelisimulia mbele ya wageni. Sasa gari likishakuwa ushuhuda, nani atasimama aseme ni bovu? Mimi ndiye niliyepiga vigelegele kuliko wote, na katikati ya vigelegele nikaliona jicho lako kwenye kioo cha pembeni. Hukuwa unawaangalia watu. Ulikuwa unaniangalia mimi.

Kesho yake nililipeleka kwa Papa Bahati kimyakimya. Yule unamjua, fundi wetu Mkongomani, anayetengeneza magari ya kanisa zima na hata siku moja hajawahi kumwambia mtu amenunua vizuri. Alilala chini ya gari muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono kwanza.

"Mama Divine," akasema, "gari baliiombea, ni vizuri. Lakini donc, mu batu bote bale hakuna mutu alifungula boneti?"

Pampu ya maji ilikuwa inavuja. Betri ilikuwa imekufa zamani, iliamka siku ile labda kwa kelele. Na huko chini, chumvi wanayomwaga barabarani Ohio wakati wa theluji imekula bati na chuma, mahali pengine unaingiza kidole. Nikamwambia atengeneze kinachotengenezeka na asimwambie mtu wa kanisani.

Sasa nikueleze kwa nini gari moja linaniondolea usingizi hivi. Inabidi nikurudishe nyuma, kwenye gari letu la kwanza. Wewe ulikuwa mdogo, na najua unakumbuka kipande tu. Nakupa chote.

Ilikuwa majira yetu ya baridi ya kwanza nikiwa na leseni. Mwanamke mwenye gari hapa mtaani wakati ule alikuwa wa kutafuta, basi nilipopata lile la bluu, refu, lenye mlango wa nyuma usiofunguka, likawa gari la kila mtu. Nilikuwa nawabeba wanawake wenzangu kwenda ghalani kupakia mizigo. Hakuna aliyeniuliza kama nitawabeba. Walikuja tu wakasimama kwenye ngazi na vyombo vyao vya chakula, na mimi nilijisikia mkubwa. Usifikiri ninalalamika. Sijawahi kujisikia mkubwa vile tena.

Asubuhi ile theluji ilikuwa inaanguka tangu alfajiri. Wewe ulikuwa nyuma, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa na nilikuwa nikupitishe kwa mama mmoja akuangalie. Tulipoingia barabara kuu ile inayozunguka mji, hita ikaanza kupuliza baridi, na ule mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliuona. Nikawaonyesha wenzangu. Mama Zawadi, yule Mkongomani mnene aliyekuwa anakaa mbele daima, akasema, "Na hii baridi yote, itachemuka namna gani?" Tukakubaliana kwamba mshale umeharibika. Injini inachemkaje kwenye theluji? Nikaendelea kukanyaga mafuta. Mbele kidogo likatoa mvuke, likazima, nikalisukumia pembeni kwa mwendo uliobaki.

Malori yalikuwa yanapita karibu mpaka gari linayumba. Vioo vikaanza kuganda kwa ndani. Namba ya polisi niliijua, lakini sisi tuliokulia kambini, askari akija ulipo si habari njema, hilo halikutoka moyoni mwangu kwa kuvuka bahari. Simu ya Mama Zawadi haikuwa na dakika. Yangu ilikuwa na chaji ya mwisho, na baridi ile ilikuwa inaila chaji haraka. Nikampigia mjomba wako Yusto, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa anakaa hapahapa Louisville wakati ule.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za huko?"

"Nzuri tu, kaka."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, yupo."

"Na baridi hii mnaionaje?"

"Tumeshazoea."

"Kazi?"

"Tunamshukuru Mungu. Na wewe, wifi hajambo?"

Wifi alikuwa na jino. Kaka akaanza kunieleza habari za jino la wifi, tangu lilipoanza kuuma, na daktari aliyewapa miadi ya mbali. Ningemkatizaje? Ni kaka yangu mkubwa, kanilea, na nimemwuliza mwenyewe. Nikawa naitikia, eeh, pole, eeh, nasubiri amalize jino ili niseme nimekwama. Simu ikazima mkononi.

Mama Zawadi akanigeukia taratibu. "Donc ulimupigia simu ya kumusalimia tu?"

Kaka Yusto alikuwa ametoka kazi ya usiku. Alipoona simu imekatika hakupata wasiwasi wowote. Aliniambia baadaye kwamba alilala vizuri siku ile, amefurahi kwamba dada yake amemkumbuka bila kuwa na shida.

Tunacheka sana habari hii siku hizi, na Mama Zawadi akiisimulia anaigiza mpaka uso wangu. Lakini kuna kipande ambacho hasimulii, kwa kuniheshimu, na ndicho kile ninachofikiri wewe unakikumbuka.

Lilikuja gari la kumwaga chumvi. Dereva akapunguza mwendo, akashusha kioo, akatuuliza kama tuko sawa. Kiingereza hicho nilikuwa nakijua vizuri kuliko kingine chote. Nikatabasamu, nikamwinulia kidole gumba, nikamwambia tuko sawa, asante, tuko sawa. Tulikuwa hatuhisi vidole vya miguu. Yule mtu akaitikia kwa kichwa, akapandisha kioo, akaanza kuondoka.

Ndipo wewe ukatambaa kutoka nyuma, ukapita mapajani kwa wanawake, ukateremsha kioo na ukapiga kelele kwa Kiingereza chako cha darasa la pili kwamba hatuko sawa, mama anadanganya, gari limekufa na miguu inauma. Taa nyekundu za lile gari zikawaka. Yule mtu akarudi. Akatuita msaada, akatukalisha kwenye joto lake kwa zamu, akakupa biskuti.

Na mimi nilifanya nini? Nilikufinya paja. Nilikufinya kwa nguvu, na nikakuambia huku nimeuma meno kwamba mtoto mwenye adabu hamwambii mgeni shida za nyumbani, na kwamba usinifanye mwongo mbele ya watu tena. Wewe hukulia. Ulirudi nyuma ukakaa na biskuti yako bila kuila.

Ulijifunza, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma. Ulikuwa mtoto mwepesi wa kufundishika. Tangu hapo ukianguka ulikuwa unasema uko sawa, wenzako wakikucheka shuleni kwa ajili ya nguo ulikuwa unasema uko sawa, na mimi niliwasifia watu, nikasema binti yangu hana matatizo. Mwaka jana walipokupunguza kazini, ulikuwa unatoka hapa kila asubuhi na chakula chako kwenye mfuko, unakwenda kukaa maktaba mpaka jioni. Nilikuja kujua kwa mtu mwingine, kwenye foleni dukani. Nilipokuuliza ulisema, "Niko sawa, Mama, sikutaka uhangaike." Nilisikia sauti yangu inatoka mdomoni kwako, nikakupashia chakula.

Kwa hiyo hofu yangu si kwamba gari litazima. Litazima. Gari lile nalijua sasa, mahali fulani baada ya Gahanna, au kule karibu na ziwa, au siku moja asubuhi kwenye uwanja wa kiwanda Tonawanda, litazima. Hofu yangu ni mtu atakayekuja kugonga kioo akuulize uko sawa, na wewe umeganda, unatabasamu.

Mwambie hapana. Hata kama ni askari. Hata kama ni mwanaume mwenye sura usiyoipenda, mwambie kupitia kioo kilichofungwa, lakini mwambie. Na mimi ukinipigia ukiwa umekwama, usinipe shikamoo. Usiniulize nimeamkaje, usiniulize kama mguu bado unaniuma. Sema, nimekwama, niko mahali fulani. Nikikuuliza habari za huko kwa mazoea, kwa maana najijua, nikatize. Unipigie kelele kama ulivyompigia yule mtu wa chumvi. Sitakufinya.

Na ile hita, ikianza kupuliza baridi wakati gari limeshapata moto, maji yamekwisha kwenye rejeta, hata kama nje kila kitu ni barafu. Simama, zima. Mshale haujaharibika.

Usiku utakaolala kwa Salvatori njiani, kula. Kula hata mara ya pili, mke wake atafurahi. Ukishanawa, mwambie gari lake lina nini, mbele ya mke wake, kwa sauti ya kawaida, na umwombe akufungulie boneti mkaangalie maji pamoja kabla hujaondoka. Ataona aibu kidogo. Haiui. Mimi nimeishi nayo miaka yote hii, aibu, na nadhani kama ningemwuliza siku ile, leo angekuwa ananiheshimu zaidi.

Nilitaka kuishia hapa. Nilikuwa nimekwisha kuandika salamu za mwisho nikazikata, utaona hapo pameandikwa na kufutwa.

Kuna jambo la jana.

Papa Bahati alinipigia nikiwa kazini, wakati wa mapumziko. Alisema, "Bon, Mama Divine, gari imeisha. Pampu nimebadirisha, betri ni mupya. Kufika Buffalo, itafika. Kurudia ndiyo sijue."

Nilitoka nje ya lile jengo nikasimama penye upepo. Nilisikia hilo la kurudi tu, yale mengine yote hayakuingia. Nikamwambia, "Papa Bahati, akija kulichukua mwambie bado. Mwambie kuna kifaa umeagiza, hakijafika."

Akauliza, "Mpaka siku gani?"

"Mpaka nitakapokuambia."

"Mama, mutoto atakosa kazi. Si walimuambia Jumatatu?"

Nikasema, "Najua."

Nilijua, Divine. Sikuchanganyikiwa, sikuwa mgonjwa, nilijua kwamba usipofika Jumatatu nafasi ile atapewa mwingine, na nilisema hivyo hivyo. Leo mchana nimejiambia ni kwa sababu ya kutu, ni kwa sababu ya pampu, mama gani atamwachia mtoto apande gari kama lile. Lakini lingekuwa lile jekundu ulilonionyesha kwenye simu, jipya, na tairi zake za theluji, ningetafuta kosa lingine. Ningesema rangi yake haionekani kwenye ukungu. Baba yako alifia kambini wewe hujaanza kutembea, na tangu hapo sijawahi kulala nyumba ambayo wewe haumo. Sijui inavyokuwa. Siwezi kuifikiria bila kuanza kuzunguka jikoni nafuta vitu vilivyo safi. Siko sawa hata kidogo, na sikutaka ulijue hilo, nikaona heri nikuharibie safari.

Simu imelia sasa hivi nikiandika. Ni ujumbe wako. Unasema umepita gereji kabla ya kuingia kanisani, Papa Bahati amekuambia kuna kifaa hakijafika. Unasema utawaandikia wa Tonawanda kuwaomba wiki moja, huenda wakakubali, huenda wasikubali. Unasema nisihangaike, nipumzishe kichwa changu, wewe uko sawa.

Nimeusoma ujumbe huo mpaka macho yamefanya maji. Umekaa huko unaimba na wenzako, kazi yako inakuponyoka, na unaniuliza mimi hali ya kichwa.

Hakuna kifaa. Gari limekwisha kutengenezwa tangu jana, liko uani kwake, limeoshwa. Usimlaumu Papa Bahati, nilimlazimisha, na nimekwisha kumpigia nikamwambia unakuja. Usiwaandikie wale wa Tonawanda. Kama umeshawaandikia, waandikie tena sasa hivi.

Na kama hulitaki gari lile, kama ukiliangalia unaona litakuua, liache. Usilichukue kwa sababu kanisa lililipigia vigelegele, wala kwa sababu nililinunua mimi. Panda basi mpaka Buffalo, uombe lifti kwa wenzako wa kiwandani mpaka upate lile dogo ulilolitaka. Mchungaji nitamweleza mimi. Nitamwambia safari ijayo mafuta yake ayapake kwenye rejeta. Chagua wewe, nami safari hii sitakukanyaga mguu.

Siwezi kusubiri urudi. Nimevaa koti na viatu, naileta barua hii mwenyewe kanisani, kwa miguu, na nitakusimamisha katikati ya wimbo nikupe mkononi. Ukifika mstari huu, mimi nitakuwa nimesimama mbele yako. Nastahili kukasirikiwa na sitajitetea, lakini nikasirikie njiani. Gereji inafungwa saa kumi na mbili.

Mama yako